Mama Anaimba kwa Mashine Ipi?

Dada Mshauri, salamu kutoka Hải Phòng. Nisaidie, maana kichwa changu kimevurugika na nyumbani kila mtu ananitazama mimi.

Baba ni mgane, na anachokipenda kuliko sisi sote ni amplifaya yake ya valvu, ile ya zamani yenye vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya makaa, na kila siku baada ya chai anaiwasha, anaisubiri ipate moto, kisha anaweka kanda ya marehemu mama, aliyekuwa akiimba kwenye harusi za mtaani kwetu, na feni anaizima isimharibie sauti, sasa fikiria joto la mwezi wa sita, ambao huku kwetu ndio wa jua kali, chumba kidogo, na mashine yenyewe inatoa moto kama jiko, mpaka tukamkuta ameanguka, amezimia.

Alipotoka hospitali, mdogo wangu Khiêm akamletea amplifaya ya kidijitali, kidude kidogo kama kibweta cha chakula, hakipati moto hata kikiwaka kutwa. Baba akasikiliza ubeti mmoja, akasema, "Huyu si mama yenu. Huyu ni mtu anasoma taarifa ya habari."

Khiêm akacheka. "Baba, masikio yako yamezoea vibaya. Hii ndiyo sauti yenyewe. Ile yako inampaka mama asali."

Tangu hapo hawasemeshani vizuri.

Jumapili Khiêm akamkalisha baba akiwa amezipa mashine mgongo, akampigia ubeti uleule kwenye moja, kisha kwenye nyingine, huku mimi nikihamisha nyaya za spika kama alivyonielekeza. Ya kwanza, baba alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Ya pili, akainua mkono, akasema polepole, "Hapo. Hapo amevuta pumzi. Huyo ndiye Nhàn wangu."

Dada, ilikuwa ile ya kidijitali. Khiêm akanikonyeza, nami nikasema tu, "Sawa baba, tumekusikia," machozi yakinilenga, maana baba alidhani ameshinda, akaanza kuipangusa vumbi amplifaya yake kwa ncha ya shati.

Sasa Khiêm anataka kumwambia mbele ya mama wadogo siku ya kumbukumbu ya mama, mimi sitaki, lakini pia sitaki baba afie kwenye joto, na mimi mwenyewe nikisikiliza sielewi tena, kwenye valvu mama yuko karibu kama yupo jikoni, kwenye ile nyingine namsikia wazi, hata uchovu wake, na mimi sikumbuki mama kuwa amechoka. Yupi ni wa kweli?

Thoa

Thoa,

Pole sana. Lakini mmenikera, wewe na mdogo wako. Mzee ametoka hospitali, nanyi mnamtungia mtihani?

Na mtihani wenyewe mbovu. Mlihakikisha mashine zote mbili zina kiwango sawa cha sauti? Hujasema. Moja ikizidi kidogo tu, sikio huipenda iliyo juu, kwa hiyo Khiêm asitembee kifua mbele. Tena amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Mkizoea kuchomoa nyaya ikiwa inawaka, mtaiua.

Valvu hutia utamu kidogo, ndiyo maana unamwona mama jikoni. Ya kidijitali haitii, ndiyo maana pumzi inasikika. Na uchovu ule haukuletwa na mashine, mwanangu. Mama yako alilea watoto na kuimba harusi za watu. Alichoka. Wewe ulikuwa mdogo, hukuona.

Khiêm afunge mdomo siku ya kumbukumbu. Kumwaibisha mgane mbele ya mashemeji zake si ukweli, ni ukatili. Mwambie wewe, mkiwa wawili tu: "Baba, pumzi ile uliisikia kwenye kile kidude." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike. Ila joto halina mjadala: miezi ya jua kali kidude, valvu isubiri baridi, na feni iwake, apende asipende.

Halafu, barua yako yote ni ubeti mmoja, ubeti mmoja. Hakuna mahali ulipoandika kwamba nyinyi watoto mlikaa na baba mkaisikiliza kanda ile yote. Nendeni mkakae naye. Na Khiêm asiguse swichi yoyote mpaka mama amalize kuimba.