Wimbo wa Nyangeta Ubaoni

Bibi, shikamoo. Najua kaka anakusomea, basi asome polepole. Hapa Mwanza mvua imenyesha tangu asubuhi na mawe yote yanang'aa.

Mwalimu wa kwaya yetu amerudi kutoka Ulaya, alikosomea shahada ya muziki. Jana alitaka kila mmoja wetu aimbe wimbo wa kwao, usiwe wa kitabuni. Niliimba nimeinama. Mama mmoja akanitania, "Huyu anaviimbia vidole vya miguu."

Niliimba ule wimbo ambao wewe, Bibi, ulikuwa ukimbembelezea mdogo wangu Nyangeta mpaka alipofariki. Mwalimu akauandika ubaoni kwa noti, akasema tutauimba kwa ngoma siku ya Uhuru. Wote walifurahi. Mimi nikasimama tena.

"Mwalimu, wimbo huu una mwenyewe. Bibi yangu hajauimba tangu msiba."

Alinitazama, kisha akaufuta wote. "Muulize kwanza," akasema.

Ndiyo nakuuliza, Bibi. Ukikubali, kaka aniandikie. Usipokubali, ubao utabaki hivyo hivyo, nami sitauliza tena.

Ujifunike vizuri usiku, ziwa limeanza kuleta baridi.

Mjukuu wako akupendaye,
Nyabweke