Mama Katikati ya Mkonge

Jumatatu, 5 Februari
Chai ya rangi, kiporo cha makande. Nimetembea mpaka relini na kurudi, kama kila asubuhi. Goti linauma. Same nzima vumbi. Maduka siku hizi yamejaa sukari na sabuni, pensheni ndiyo haijai. Watoto wameniita mzungu, mama yao akawakemea: "Mwamkieni, huyo ni Meja!" Nimezoea.

Mchana nimekwenda shamba la mkonge kumsalimia mama. Pembeni ya kaburi lake pamechomekwa kigingi chekundu. Mlinzi amesema shamba limeuzwa, kitalu hiki kitang'olewa chote. Trekta linakuja wiki hii. Na kaburi? Ametazama viatu vyake.

Jumanne, 6 Februari
Hasira. Sijasoma gazeti, sijanyoa ndevu.

Mama alikufa kwa malaria wakati wa vita ya Hitla, mimi mtoto mdogo. Tuliikimbia Ujerumani kwa sababu ni Wayahudi. Tukafika huku, Waingereza wakatuita Wajerumani. Maadui! Kusafiri mpaka kibali. Baba alikuwa fundi wa mitambo pale kiwandani, akamzika mama palepale, katikati ya mkonge. Wakata mkonge wa Kigoma ndio waliombeba. Jiwe alilichonga baba mwenyewe kwa patasi, kwa herufi zetu za Kiebrania.

Baadaye baba alihamia Nairobi, akazikwa huko. Mimi niligoma kuondoka. Nikachukua uraia, nikaingia jeshini, nikaoa mlimani. Kombania nzima ngozi hii ilikuwa yangu peke yangu. Nilipigana Uganda. Sijawahi kuomba kitu.

Jumatano, 7 Februari
Meneja mpya ni Fadhili. Kapteni mstaafu Fadhili! Nilimfundisha kusoma ramani. Kule Uganda tulilala handaki moja, akitetemeka kwa homa, nikamfunika koti langu.

Amenikaribisha soda baridi. Ofisi ina feni mpya.

"Afande, zama zimebadilika. Wenye shamba wanataka kitalu kisafi. Mhamishe mama."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi, Fadhili?"

Akacheka. "Unajua mwenyewe, afande."

Soda nimeiacha mezani.

Alhamisi, 8 Februari
Sijala. Mke wangu Nakijwa ameweka chakula, ameondoa chakula. Ananijua, hanisemeshi. Jioni ametuma ujumbe kwa kaka yake mlimani, kupitia dereva wa lori la tangawizi. Sikumtuma. Nimemfokea. Halafu nimeona aibu, na aibu nayo imenikasirisha.

Ijumaa, 9 Februari
Trekta limekuja. Nimevaa koti la jeshi na medali zote, nimesimama mbele yake. Dereva akazima injini. Mtu mwema, hana kosa. Jua likatuwakia wote wawili.

Fadhili akaja na gari. "Meja, hapa ni mali ya mtu. Usitufanye tuonekane wabaya." Akanipigia saluti mbele ya vibarua. Saluti ya mzaha. Wawili wakacheka.

Nikamshika kola. Sijui ningefanya nini. Polisi wakanitoa kwa upole, wakaniita mzee, wakanipa kiti kituoni. Upole wao umeniuma kuliko pingu.

Nimeachiwa alasiri. Fadhili amenipa mpaka Jumatatu. Amenipa! Namchukia. Nawachukia wote waliotuhubiria kwamba nchi hii ni yetu sote, kumbe ilikuwa inasubiri bei. Namkasirikia hata baba kwa kutuacha.

Nimemkuta shemeji Elinihaki sebuleni, ameteremka kutoka mlimani, juu ya Gonja. Mzee wa kanisa, mkulima, hana maneno mengi.

"Shemeji, sisi Wapare tangu enzi za mababu tuliwahamisha wazee wetu. Tuliwafukua, tukawaweka mahali pa heshima. Mlete mama kwetu."

"Yeye si Mlutheri."

"Nimekuuliza dini yake?"

Amesema tufukue kesho. Nikamwambia kesho Jumamosi ni Sabato, mama asingekubali. Basi Jumapili, akasema. Nikamkumbusha ibada.

"Mungu atatuona shambani."

Jumamosi, 10 Februari
Nimekaa tu. Nakijwa amenikatia kipande cha shuka nyeupe, ile aliyoitunza kwa wageni.

Jumapili, 11 Februari
Wanaume wa mlimani wamekuja na majembe kwenye lori. Fadhili hakutokea. Mwoga.

Tumechimba kwa zamu. Udongo mgumu kama tofali. Niliogopa hatutakuta kitu. Tumekuta. Mifupa midogo, kama ya binti. Nilikuwa nimesahau kwamba mama alikufa kijana, mdogo kuliko binti yangu Raheli sasa.

Nilimkusanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nikatukana kwa Kijerumani, kwa Kiswahili, kwa Kichasu cha wakwe zangu. Hakuna aliyenikataza.

Tumepita njia ya Kisiwani, jiwe limelazwa kwenye magunia, mama magotini mwangu. Lori lilipoanza kupanda hewa ikapoa. Tumemzika jua likiwa bado juu, kando ya migomba ya shemeji. Sala yetu inataka wanaume kumi wa dini yangu. Niliisema peke yangu, nusu nimeisahau. Wao walivua kofia, wakangoja nimalize.

Jumatatu, 12 Februari
Tumelala mlimani. Ukungu asubuhi. Kule chini trekta litakuwa limeanza. Hasira bado ipo. Fadhili sitamsamehe.

Nimekwenda kaburini, nikamkuta shangazi yake Nakijwa anafagia majani. Bibi mzee sana, macho hayaoni vizuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Mwanangu, jirani yangu huyu anaitwa nani? Nitamsalimiaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Jeshini, shambani, hata Nakijwa humwita mama tu.

"Anaitwa Hana," nikasema. Bibi akatega sikio. Nikarudia.

Bibi akainamia udongo. "Hana, umeamkaje?"

Akaendelea kufagia. Nikakaa naye.