Salamu Zako Nitampa Wakili

Mdogo wangu mpenzi,

Goti bado linanisumbua kwenye ngazi, ila mikono haijazeeka. Jana nimeshona soli za buti bila kupumzika. Ugenini kote huku, ngozi ya viatu peke yake ndiyo imenizoea.

Binti yako alifika kwangu na kandambili miguuni, jino limelegea kwa kipigo cha mumewe. Wakili wa msaada wa sheria, mama mmoja mkali, alituonya: "Asijue mtu yuko wapi."

Kisha mkweo akakupigia simu. Alikuamkia kwa adabu kama kawaida yake, akauliza kama mkewe amefika salama. Nawe hujawahi kumnyima jibu mtu aliyekuamkia vizuri. Ukamwambia.

Nilifungua mlango, nikamkuta amesimama, anatabasamu.

"Shikamoo, mjomba. Mama kanielekeza."

Unasema mambo ya ndoa humalizwa na wazee. Basi mzee mmoja alimzuia mlangoni kwa nyundo ya viatu, huku binti akitorokea dirishani pekupeku. Kandambili zake ziko hapa.

Sasa hakimu amempiga marufuku mkweo kumkaribia binti, na wakili amemhamishia mahali ambapo hata mimi sikuambiwa.

Umeuliza analala wapi. Sijui, mdogo wangu. Andika salamu zako, nitampa wakili azifikishe. Binti akikujibu, usitafute anwani kwenye bahasha. Haitakuwepo, na ni kwa sababu yako.

Akikuamkia tena yule, itikia marahaba, ukate simu.

Kaka yako, fundi viatu