Kadi Alizozitoa Fundi Saa

Shosti, nimechefuka hadi mate yamekuwa machungu!

Fundi saa wetu, bingwa miaka mitatu wa ule mchezo wa kadi za vita, ambao kila mtu huja na fungu lake, leo katolewa raundi ya kwanza ya mashindano. Na nani? Shemeji yake!

Huyohuyo aliyemwambia juzi, "Shem, klabuni siku hizi wote wanacheza kadi za moto. Kwenye fungu lako toa za kushambulia, jaza za maji, uwazime." Fundi akaamini, akatoa kadi ishirini.

Shemeji papo hapo, "Hizo ulizotoa nipe nijifunzie." Ati nijifunzie! Akampa.

Leo maji yake yazime nini? Ukumbini hakuna moto hata mmoja! Shemeji anafunua kadi, ni zilezile, mpaka ile yenye kona iliyotafunwa na mtoto.

Fundi kauliza polepole, "Hizi si zangu?"

"Zilikuwa, shem."

Na anacheka! Ptuu!