Kwa Min, Aliyeniachia Shairi Lisilo na Mwisho

Kwako kaka Min, popote ulipo, juu ya ardhi au chini yake,

Barua hii naiacha wazi kwa kuwa sijui anwani yako. Atakayeisoma na aisome. Wewe ulikuwa mateka kule Burma, nami askari wa Mwingereza niliyepewa bunduki nikulinde ukifua nguo za jeshi mtoni. Leo nafua nguo za watu hapa Kariakoo, tena kwa namna uliyonifundisha wewe. Mungu ana mzaha wake, ila si kila mara unachekesha.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikukemea, "Piga kwa nguvu, hizo ni suruali za askari, si leso za bibi harusi!" Ukaokota vijiti viwili, ukaikunja suruali juu ya jiwe, ukaanza kuipiga, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila haraka. Ukasema kwa Kiswahili kichanga ulichokiokota kwa askari wetu kambini, "Mama. Nyumbani. Hivi." Sikukukemea tena.

Kidogo kidogo ukanisimulia. Wajapani walipoitawala Korea, mwalimu wako alikuchapa kwa kusema lugha ya mama yako darasani. Ulipokua ukawa mshairi, na mashairi yako polisi waliyachoma uani kwenu, mama yako amesimama na ndoo ya maji asithubutu kuyamwaga. Kisha wakakubandika jina lao, wakakupakia melini ukabebe mizigo ya vita isiyo yako. Nikakwambia kwamba mtaa wetu wa Kariakoo ulipata jina lake kwa wapagazi kama wewe, waliowabebea Waingereza mizigo katika vita ile ya kwanza. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

"Alirudi?" ukauliza.

"Hakurudi."

"Kaburi?"

"Hakuna."

Ndipo ulipoanza kunipa shairi lako, kwa Kikorea, mstari baada ya mstari, kwa mapigo ya vile vijiti. Nikiteleza, unanirudisha. Ulinieleza kwamba ni mama anayepiga nguo juu ya jiwe huku theluji ikianguka, na sauti inavuka mto kumtafuta mwanawe aliyechukuliwa. Nilikuuliza kwa nini usiliandike.

"Karatasi wanachoma," ulisema. "Wewe, kazi kukuchoma."

Ulibaki ubeti wa mwisho. Ulisema utanipa kesho, kwa sababu ulikuwa haujakuridhisha. Asubuhi lori likaja kuwachukua mateka wote kuwapeleka bandarini. Ulisimama nyuma na vijiti vyako mkandani, ukanipungia mkono.

Uwanja wetu wa kufulia uko nyuma ya Mtaa wa Swahili. Nilianza kulighani shairi lako peke yangu, madobi wenzangu wakalidaka, na sasa ndilo wimbo wetu wa kazi. Wapita njia wanaokwenda Mnazi Mmoja husimama kusikiliza. Mwenye duka jirani alidhani tunamsomea albadiri, akaja mbio kutuapia kwamba hana ugomvi na mtu. Tulicheka sana siku ile, natamani ungekuwepo. Na kila tukifika pale ulipoishia, tunarudi mwanzo.

Kisha vita ikaingia kwenu Korea. Mzee Pazi, dobi mkubwa kuliko sisi sote, ndiye hutusomea gazeti kwenye kahawa. Siku moja akasoma kwamba mji wenu, ule wenye daraja uliokuwa ukinisimulia, umepitiwa na jeshi hili na jeshi lile mpaka umebaki majivu. Nikawaambia wenzangu una miguu mirefu, utakuwa umekimbia. Vita ikasimama, nami nikaendelea kungoja. Ulijua pa kunitafuta. Nilikukaririsha "Kariakoo, Dar es Salaam" mpaka ukayatamka vizuri kuliko Mwingereza. Hakikuja kitu.

Siku hizi watu wanajaa Mnazi Mmoja kuzungumzia kujitawala. Naenda, napiga makofi pamoja nao. Halafu nakukumbuka wewe, ambaye mgeni aliyewatawala aliondoka na nyumba ikaungua baada yake, na mikono inaniwia mizito. Naogopa, kaka, na sina wa kumwambia.

Juzi juzi Mzee Pazi aliniita kando. "Mwanangu, hapa kwetu akifa mtu tunafua kimya mpaka matanga yaanuliwe. Huyu rafiki yako hatujamkalia matanga."

"Hajafa, mzee."

"Mama yako naye alisema hivyo hivyo."

Nilimkasirikia siku nzima, kwa sababu alisema kweli. Mama hakumkalia baba matanga. Kila jioni alimbakizia sahani, akaifunika kawa, akakaa akiutazama mlango. Nilikua nikiitazama sahani ile, na niliichukia kuliko njaa. Mama alikufa akingoja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufanana naye.

Basi tumekufulia kimya siku tatu. Siku ya nne wenzangu waliningoja nianze, nikaanza. Tulipofika pale ulipoishia, sikurudi mwanzo. Nilifunga mdomo, mkono ukaendelea kupiga, na wao wakafanya vivyo hivyo. Kushoto, kulia, nguo juu ya mawe, bila neno. Nililia mbele ya watu wazima wenzangu na sikuona haya.

Tulipotua nguo Mzee Pazi akasema, "Sasa limekwisha."

Kama uko hai, njoo unigombeze. Uniambie ubeti wako wa mwisho siyo huo, nami nitaondoka kwenye jiwe nikupishe. Lakini jioni ile nilikula chakula changu chote, kaka Min, na mlango nikaufunga.

Pumzika.

Ni mimi, mlinzi wako na mwanafunzi wako,
Kariakoo