Masikio ya Kiboko

Jumapili, Bungu

Wasiwasi wangu wote wa jana ulikuwa wa bure. Niliogopa Mama atachoka kule makumbusho, au atanitia aibu mbele ya watu wa Dar.

Aibu alinitia. Alipomwona kiboko aliyekaushwa, alimsemesha kwa sauti: "Kumbe ndiye wewe unayemaliza mpunga wangu." Miaka yote anamfukuza usiku kwa kupiga debe, yuko juu ya dungu lake shambani Mohoro, na hajawahi kumwona kwa karibu.

Akainama, akayatazama masikio. "Madogo hivi? Basi debe langu hukulisikia."

Wanangu walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Mlinzi naye. Mama hakucheka. Kwenye basi la kurudi bado alikuwa anawaambia wajukuu zake, uso umemchangamka, "Na mimi nilidhani ananidharau."