Raia wa Mahanga

Jumatatu, 2 Juni
Mwezi wa nne tangu nitoke Kongwa. Leo tena mtaro. Tunachimba kutoka nguzo ya umeme hadi chumba cha kompyuta cha kituo cha polisi, huku Muleba, njia ya Kimwani. Udongo laini, lakini mizizi ya migomba kila mahali. Kwetu ukichimba unakuta mawe tu. Mgongo unauma.

Kituo chenyewe sikitaji. Mkuu wa kituo ametuambia mambo ya pale ni siri. Mafaili yote ya kesi yataingizwa kwenye mashine, na kila mtu atakayekanyaga kile chumba lazima aandikishwe.

Novatus, fundi wetu, mtu wa Nyanga pale Bukoba, ananiita Mnyamahanga. Ni Kihaya, maana yake mtu wa kuja. Sasa wote wananiita hivyo. Kwamba mimi ni Yona Masima nakumbuka peke yangu.

Eliza anaolewa Jumamosi ya tarehe 28. Binti yangu wa kwanza. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Alhamisi kabla yake. Novatus amekubali niondoke tarehe 24.

Ijumaa, 6 Juni
Tumeandikishwa. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nafunga nondo za dirisha, Novatus akatuandikisha wote kwa mdomo. Konstebo Hamisi anauliza, Novatus anajibu, Hamisi anagonga kwa kidole kimoja. Ikafika zamu yangu, nikaona Novatus ananionyesha kwa kidevu. Wakaendelea. Nikapigwa picha hukohuko juu, nyundo mkononi.

Jioni ndizi na maharage. Jana pia.

Jumatano, 11 Juni
Hamisi amerudi kutoka semina ya usalama wa taarifa, Bukoba. Siku mbili tu, amerudi mtu mwingine. Hasalimii, anatazama mikono yako kwanza.

Zamani nywila ya kompyuta ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani. Nywila ni neno la kufungulia mashine. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa wa nywele. Hata Mama Adventina anayetupikia aliijua, na Hamisi akiisahau alikuwa anamuuliza yeye. Leo nimeamriwa nipake rangi ule ukuta mara mbili. Nywila mpya anaijua Hamisi peke yake. Mama Adventina amenuna. Anasema ametunza siri ya serikali miezi yote hiyo bila hata asante.

Novatus amepata kazi nyingine Maruku, ameondoka. Ameniachia kumalizia rangi na sakafu.

Jumatano, 18 Juni
Mashine imetoa ripoti yake ya kwanza. Mkuu wa kituo ameisoma amesimama. Mgeni aliyeingia nchini bila kibali: mmoja. Akapiga simu Bukoba palepale, akasema mashine haina hata mwezi na imeshanasa mtu. Nilikuwa nje ya dirisha na toroli la zege. Nikampongeza moyoni.

Kumbe aliyenaswa ni mimi.

Nimeambiwa nisitoke eneo la kituo mpaka uraia wangu uhakikiwe. Nikauliza mashine inasema mimi ni raia wa wapi. Hamisi akasema taarifa za mtuhumiwa ni siri.

Nikamwambia, "Lakini mtuhumiwa ni mimi."

"Ndiyo maana," akasema.

Ijumaa, 20 Juni
Kitambulisho cha taifa nilimwachia mke wangu ajiandikishie mbolea ya ruzuku. Amekipiga picha, Eliza amenitumia. Nimemwonyesha mkuu. Amesema semina ilikataza kuamini picha za kwenye simu.

Tukampigia mtendaji wa kijiji chetu. Akasema huyo Yona namfahamu, baba yake alizikwa hapahapa. Mkuu akamjibu kwamba kwenye simu kila mtu anaweza kuwa mtendaji. Mtendaji akatukana Kigogo, nami nikamtuliza Kigogo. Hamisi akaandika: anazungumza lugha isiyojulikana.

Novatus hapatikani. Maruku mtandao unashika ukipanda juu ya kitu, naye hapandi, ananipandisha mimi.

Nina hofu sasa. Eliza ameuliza kama nimeshakata tiketi. Nimemdanganya kwamba ndiyo.

Jumamosi, 21 Juni
Mtuhumiwa haruhusiwi kuingia chumba cha kompyuta. Lakini rangi haijakwisha na wa kuipaka pale ni mimi. Wamekaa kikao. Uamuzi: nipake chini ya ulinzi. Hamisi amenishikia ngazi kutwa nzima. Miezi yote minne sijawahi kushikiwa ngazi.

Kila mtu amenipa nchi yake. Kwa mlinzi wa getini mimi ni Mrundi. Kwa dereva ni Mkongo, kwa sababu ya viatu. Mama Adventina amenipakulia kama kawaida, akasema, "Kula, waitu, hata huko kwenu njaa ni njaa." Waitu ni neno la heshima hapa. Ameniheshimu na kunifukuza nchini kwa sentensi moja.

Jumatatu, 23 Juni
Nimemwambia mkuu kuhusu harusi. Si mtu mbaya. Naye ana mabinti, kwao Mara. Akamwita Hamisi afungue mashine watazame vizuri ile taarifa.

Hamisi akaomba tutoke wote, na mkuu pia. Mkuu akauliza kama amesikia vizuri. Hamisi akasimama kwa ukakamavu, akasema semina ilisema hata mkubwa wako asiione nywila. Mkuu akageukia ukuta. Nami nikageuka. Tukawa tunatazama rangi yangu. Imekaa vizuri.

Tukasikia anagonga. Kimya. Anagonga tena. Kimya kirefu. Akagonga mara ya tatu, kisha akasema taratibu, "Afande, imejifunga."

Amesahau. Na ikijifunga haifunguliwi ila Bukoba. Mashine ipelekwe, na mimi nipelekwe nayo.

Jumanne, 24 Juni
Leo ndiyo ningeondoka. Gari la kituo halina mafuta. Nimefagia sakafu niliyoifagia jana. Nimemwambia mke wangu ukweli. Hakulia. Alisema mdogo wangu Mika atasimama badala yangu kwenye sendofu. Hilo limeniuma kuliko kama angelia.

Alhamisi, 26 Juni
Mafuta yamepatikana. Kompyuta ilikaa kiti cha mbele, imefungwa mkanda. Mimi nyuma, kati ya Hamisi na mbuzi wa ushahidi wa kesi nyingine. Tulipofika Kemondo Hamisi akaruka, akanishika goti. Ameikumbuka nywila. Akafungua mdomo anitajie kwa furaha, akakumbuka mimi ni nani, akaufunga. Haikusaidia kitu, mashine ilishajifunga. Lakini alikaa na uso wa raha hadi mjini. Mbuzi alimla mfuko wa shati.

Bukoba tulimsubiri mtaalamu wa kompyuta, kijana wa Tanga. Akaifungua mashine kwa dakika chache, akasoma, akakuna kichwa. Alikuwepo Inspekta Koku, mama wa makamo, mzaliwa wa Maruku. Mtaalamu akamgeukia.

"Samahani, afande. Mahanga ni nchi gani?"

"Hata mimi niliitafuta kwenye orodha sikuiona," Hamisi akasema. "Nikaweka Nyinginezo."

Inspekta akavua kofia, akaiweka mezani. "Nani alikutajia?"

"Fundi wake, afande. Nilimuuliza jina, akasema Mnyamahanga. Nikamuuliza kwao, akasema Mahanga."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Newala, afande. Mtwara."

"Basi na wewe ni wa Mahanga. Na huyu wa Tanga, na mkuu wako wa kituo. Kila asiyezaliwa Buhaya kwao ni Mahanga, mwanangu. Ukiwaandika wote mashine itapasuka."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mtaalamu akacheka. Hamisi alicheka mwisho, kwa adabu.

Mimi sikucheka. Neno lenyewe naliitikia kila siku. Wangenisomea siku ile ya kwanza ningewaeleza kabla zege halijakauka. Lakini ilikuwa siri. Na saa hiyo kule Kongwa watu walikuwa wanaingia ukumbini kwa sendofu.

Mtaalamu akasema taarifa ikishaingia haifutwi, kwa usalama. Inaongezwa sahihisho tu. Kwa hiyo kwenye mashine ya polisi mimi sasa ni Mnyamahanga, raia wa Tanzania. Kwa jina la Yona Masima hawanijui kabisa. Inspekta akasema nisihuzunike, wengine wanalitafuta jambo kama hilo kwa gharama.

Akauliza kama nina jambo jingine. Nikamwambia binti yangu anaolewa keshokutwa. Akaacha kucheka. Akapiga mwenyewe simu ofisi ya basi, akawaambia kiti kimoja cha asubuhi wakishikilie. Wakauliza jina la abiria. Akanitazama.

Nikasema, "Yona Masima." Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 27 Juni
Basi limesimama Nzega, watu wanakula. Nimepata ugali. Mkavu, mweupe. Nimekula polepole.

Eliza amepiga. Sendofu ilikwenda vizuri. Mika alipopewa nafasi ya kusema kama baba alisimama na kipaza sauti, akakosa la kusema, akakaa. Watu wakapiga makofi. Eliza anasema hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Ni kweli.

Ameuliza nimevaa nini. Nimemwambia shati la kazi, lina rangi ya ukuta begani. Amesema nije nalo.

Nje kumeanza kuwa kukavu. Migomba imeisha zamani, sasa ni miiba na mbuyu mmoja mmoja. Dodoma usiku. Nitalala stendi, nipande gari la kwanza la Kongwa. Ibada ni saa nne.

Natarajia kufika kesho saa mbili asubuhi. Ikichelewa sana, saa tatu.